JOTO LINA MAHALI PAKE
Somo la Elimu ya Vitu: Tangi la Maji ya Moto na Nta ya Nyuki

Mtu aingiaye lamboni wakati wa alasiri, baada ya jua kali la mchana, huona jambo ambalo pengine hajalifikiri sana. Maji yaliyo kifuani pake ni ya uvuguvugu, lakini miguu yake imo katika maji baridi. Lambo ni moja na jua ni moja, walakini joto halikuenea sawasawa. Limekaa juu.

Somo letu la muhula huu lahusu tabia hiyo ya maji, na jinsi tuwezavyo kuitumia ili joto la jua la mchana litufae usiku na alfajiri. Hapa Puge, na katika mkoa wote wa Tabora, jambo hili si la mchezo. Kuni za jikoni, mkaa, na magogo ya kukaushia tumbaku mabanini hutoka katika miombo ile ile ambamo nyuki hutafuta chakula chao. Kila ndoo ya maji iliyopashwa na jua ni kuni zilizobaki mtini. Lakini jua huchwa, na mwanafunzi wa bweni ataka kuoga alfajiri, na mama aliyejifungua usiku ataka maji ya moto usiku ule ule. Basi swali ni hili: tutaliwekaje joto?

Watu wengi hudhani kwamba yatosha kujua joto tulilo nalo ni kiasi gani. Katika somo hili tutaona kuwa haitoshi. Yatupasa kujua pia joto hilo liko wapi.

I. Kwa Nini Maji ya Moto Hukaa Juu

Digrii zote katika somo hili ni za sentigredi. Lita moja ya maji ya digrii 20 ina uzito wa gramu 998 hivi. Maji hayo yakipashwa mpaka digrii 60 huvimba kidogo, na lita moja huwa na gramu 983 hivi. Tofauti ni gramu 15, yaani maji ya vijiko vitatu vya chai. Ni tofauti ndogo, lakini yatosha. Maji mepesi hupanda na mazito hushuka, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi.

Tena maji yaliyotulia hayapitishi joto upesi. Kwa hiyo, katika tangi lisilotikiswa, maji hujipanga kwa matabaka matatu: juu ni maji ya moto, chini ni maji baridi, na katikati ni tabaka jembamba la mpaka. Ukishusha kipimajoto polepole kutoka juu, utaona kwanza digrii karibu hazibadiliki. Ukifika mpakani zitashuka ghafula, kisha zitatulia tena.

Vyombo vya kupashia maji kwa jua hufanya kazi kwa kanuni hii. Tangi huwekwa juu kidogo ya sahani nyeusi iliyofunikwa kioo. Maji baridi hutoka chini ya tangi na kuingia katika mabomba ya sahani ile, hupata joto, huwa mepesi, nayo hupanda yenyewe mpaka sehemu ya juu ya tangi. Hapana pampu wala injini.

II. Hesabu ya Watu Kumi

Sasa tufanye hesabu. Tuna tangi la lita 200, yaani madebe 10 ya lita 20. Jioni, madebe 5 ya juu ni ya digrii 60, na madebe 5 ya chini ni ya digrii 20. Watu kumi wanataka kuoga, kila mmoja debe moja la maji ya digrii 40. Kila debe linalotolewa, debe moja la maji baridi ya digrii 20 huingia tangini badala yake.

Kwanza, tuseme tangi limetulia katika matabaka yake. Kila mtu achota nusu debe ya maji ya moto kutoka juu, na kuichanganya ndooni na nusu debe ya maji baridi ya mtungini. Hupata debe moja la digrii 40. Madebe 5 ya maji ya moto yatawatosha watu wote kumi, na wa mwisho ataoga sawa na wa kwanza. (Hapa tumeliacha kando joto linalopotea hewani, ili hesabu iwe nyepesi. Tena kila mmoja hutoa nusu debe tu, kwa hiyo maji baridi yanayoingia ni nusu debe, nayo hukaa chini.)

Pili, tuseme mtu amelikoroga tangi, au maji baridi yanaingia kwa nguvu na kulivuruga. Maji yote 200 huwa ya digrii 40. Angalieni: joto halikupungua hata kidogo. Ni lile lile, limetawanyika tu. Mtu wa kwanza achota debe lake la digrii 40, afurahi. Debe la maji baridi laingia na kuchanganyika. Mtu wa pili apata digrii 38. Wa tatu 36.2, wa nne 34.6, wa tano 33.1, wa sita 31.8. Mtu wa kumi apata digrii 27.7, nayo ni maji ambayo alfajiri ya Juni mtu huyaita baridi bila kusita.

Tena, kama mpishi alitaka maji ya digrii 60 ili kuosha masufuria yenye mafuta, katika tangi la kwanza angeyapata. Katika tangi la pili hawezi kuyapata, ingawa joto lote alilokusanya jua lingali mle mle. Hapana budi awashe kuni. Hiyo ndiyo hasara ya kuchanganya: joto lipo, bali halifai tena kazi ile.

III. Joto Lisiloonekana

Sasa tuiache tangi kidogo, twende kwa warina asali. Asali na nta ya Tabora ni mali ya tangu zamani. Nta ilisafirishwa toka nchi hii kwenda ng'ambo hata katika siku za utawala wa Wadachi. Masega yaliyokwisha kamuliwa huchemshwa katika maji. Nta huyeyuka, na kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji, huelea. Sufuria ikiepuliwa na kuachwa, nta huganda juu kama sahani ya manjano.

Mwenye kipimajoto na akiangalie vizuri wakati nta inapopoa. Ikiwa nta ina digrii 80, hushuka upesi: 75, 70, 66. Ikifika karibu na digrii 63, kipimajoto hupunguza mwendo, na kwa muda mrefu karibu hakisogei, ijapokuwa nje ni baridi na nta yazidi kupoteza joto. Nta ikisha ganda yote, digrii huanza tena kushuka. Je, wakati ule wa kusimama, joto lilitoka wapi?

Jibu ni hili. Kitu kigumu kikiyeyuka, hula joto jingi bila kuongeza digrii. Joto hilo hutumika kulegeza vipande vidogo sana vya kitu hicho, vilivyoshikamana, ili vipate kutembea. Kitu kikiganda, vipande hushikamana tena, na joto lile lote hutolewa. Katika miaka ya 1760 mwalimu Joseph Black wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, alilichunguza jambo hili kwa barafu na maji, akaliita joto lililofichika.

Kuchemka nako ni vivyo hivyo. Maji yakichemka, hata ukiongeza kuni, digrii hazipandi. Joto lote laenda katika kuyageuza maji kuwa mvuke. Wasafiri wa njia ya misafara waliutumia ukweli huu. Burton na Speke, waliofika Kaze katika Tabora mwaka 1857, na Ujiji mwaka 1858, walikadiria urefu wa nchi kutoka bahari kwa kuchemsha maji na kutazama kipimajoto. Pwani maji huchemka kwa digrii 100. Tabora, iliyo juu ya bahari kwa mita 1,200 hivi, huchemka kwa digrii 96 hivi. Lau kipimajoto kisingesimama mahali pamoja maji yanapochemka, njia hiyo isingefaa kitu.

Mifano mingine iko nyumbani. Mafuta ya nazi huyeyuka kwa digrii 24 au 25, ndiyo maana huganda katika chupa siku za baridi. Samli nayo huganda na kulegea kwa majira. Kila kitu kina digrii zake.

IV. Nta Ndani ya Tangi

Basi tuyaunganishe mambo haya mawili. Tangi lina joto juu, na twataka sehemu ile ya juu idumu kuwa ya moto. Nta huyeyuka karibu na digrii 63 na kuficha joto jingi. Tukitia nta katika mirija ya bati iliyozibwa vizuri, na kuiweka katika sehemu ya juu ya tangi, mchana maji yapitayo digrii 63 yataiyeyusha. Usiku maji yakianza kupoa, nta itaganda polepole na kuyarudishia joto lake. Nta huwa kama mlinzi wa tabaka la juu.

Hesabu yake ni hii. Kilo moja ya maji ikishuka digrii moja hutoa kilojuli 4.2. Kwa hiyo kilo 20 za maji zikishuka kutoka digrii 65 mpaka 55 hutoa kilojuli 840. Kilo moja ya nta ikiganda hutoa kilojuli baina ya 150 na 200, kwa kadiri ya nta yenyewe. Sisi tutumie 170. Kilo 20 za nta zikiganda hutoa kilojuli 3,400, yaani mara nne ya yale maji, wala hatujahesabu joto la kupoa kwake kabla na baada ya kuganda. Kilojuli 3,400 ni kiasi cha kutosha kupasha debe moja la maji kutoka digrii 20 mpaka 60.

Wataalamu wa Ujerumani na Hispania waliyajaribu mambo ya namna hii, wakatangaza matokeo yao mwaka 2003. Waliweka chombo cha kitu kinachoyeyuka katika sehemu ya juu ya tangi lenye matabaka, wakaona kuwa maji ya juu yalikaa na joto muda mrefu zaidi, na hata yaliweza kupata joto tena baada ya kupozwa. Hapa Afrika ya Mashariki, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, pamoja na wenzao wa Norwei, wamechunguza namna ya kuweka joto kwa ajili ya kupikia, katika mafuta na katika tangi lililojaa mawe. Mwaka 2014 walitangaza uchunguzi wa jinsi joto lililo juu ya mawe linavyoteremka na kutawanyika tangi likiachwa bila kutumiwa. Mnaona kuwa swali lao ni lile lile letu: joto liko wapi, na litakaa hapo kwa muda gani?

Lakini msidhani kuwa nta ni dawa ya kila kitu. Iko mipaka minne ya kukumbuka.

Kwanza, nta isiyoyeyuka haifai sana. Katika masika, mawingu yakitanda na maji yasipofika digrii 63, nta itakaa ngumu mchana kutwa, na joto lake lililofichika halitapatikana. Ndiyo sababu haifai kuwekwa chini ya tangi, penye maji baridi. Mahali penye jua hafifu yafaa kitu kiyeyukacho kwa digrii chache zaidi, kama aina fulani za nta ya mafuta ya taa.

Pili, nta hupitisha joto polepole. Ukiifanya donge moja kubwa, ile ya nje itaganda na kuifungia ya ndani kama gamba. Kwa hiyo hutiwa katika mirija myembamba mingi.

Tatu, nta ikiyeyuka huvimba. Mrija ukijazwa pomoni utapasuka. Yapasa kuacha nafasi.

Nne, nta ina bei, na mrina asali ana haki ya kuiuza. Kabla ya kununua hata kilo moja ya nta, mtu na atengeneze kwanza tangi lenyewe, maana mengi ya kulinda joto hayana gharama kubwa.

V. Mambo Yanayoharibu Matabaka

La kwanza ni maji baridi yaingiayo kwa kishindo. Bomba la kuingizia liwe chini kabisa, na mbele yake kiwekwe kibati cha kuvunja nguvu ya maji, ili yaingie kwa utulivu na kutandaa. Bomba la kutolea maji ya moto liwe juu.

La pili ni umbo la tangi. Tangi refu na jembamba hutunza matabaka kuliko tangi fupi na pana, kwa kuwa mpaka wa moto na baridi huwa na eneo dogo.

La tatu ni ubavu wa tangi. Ubavu ukipigwa na upepo wa usiku, maji yaliyo karibu nao hupoa, huwa mazito, hushuka, na kulivuruga tangi zima kimya kimya. Tena bati lenyewe huchukua joto la juu na kulipeleka chini. Kwa hiyo tangi livikwe nguo nene. Pumba za mpunga, zilizokauka vizuri na kuzuiwa zisilowe, zafaa sana, nazo hazikosekani wilayani Nzega.

VI. Tangi Lililo Kubwa Kuliko Yote

Njia ya misafara iliyotoka Tabora kwenda magharibi ilikoma Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo lina kina cha mita 1,470 mahali pake pa kina kirefu, nalo hufuata sheria ile ile ya tangi letu. Juu maji huwa ya digrii 24 mpaka 28 kwa kufuata majira. Chini kabisa ni digrii 23 na kitu.

Mtu aweza kuuliza, "Digrii tatu au nne tu zitazuiaje ziwa zima lisichanganyike?" Jibu ni kwamba maji ya vuguvugu hubadili uzito wake upesi kuliko maji ya baridi. Digrii moja kutoka 26 mpaka 27 hupunguza uzito wa lita karibu mara tatu ya digrii moja kutoka 10 mpaka 11. Kwa hiyo katika nchi za joto tofauti ndogo hujenga ukuta wenye nguvu.

Chini ya mita 100 mpaka 200 hivi, ziwa halina hewa ya oksijeni, na samaki hawawezi kuishi humo. Walakini huko chini ndiko ilikolala mbolea ya ziwa, iliyotokana na vitu vilivyokufa na kuzama. Kuanzia Mei mpaka Septemba upepo wa kusini huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na maji ya chini hupanda upande wa kusini pamoja na mbolea yake. Mimea midogo ya majini hustawi, nayo hulisha wadudu wadogo wa majini, nao hulisha dagaa, na dagaa hulisha migebuka.

Mwaka ule ule wa 2003, makundi mawili ya wataalamu yalitangaza kwamba ziwa limepata joto zaidi katika karne ya 20, na kwamba kuchanganyika kwake kumepungua. Kundi moja lilikadiria kuwa mazao ya mimea midogo yamepungua kwa karibu asilimia 20, na kwamba samaki waweza kuwa wamepungua kwa asilimia 30 hivi. Wengine husema uvuvi wa kupita kiasi nao una sehemu yake kubwa. Lakini sheria yenyewe haina ubishi: maji ya juu yakizidi joto, upepo hupata kazi ngumu zaidi ya kuyainua ya chini.

Fikirini basi. Katika tangi matabaka ni rafiki yetu, maana hutuwekea maji ya moto mpaka alfajiri. Ziwani, matabaka yakizidi, huwanyima dagaa chakula, na mvuvi wa Kigoma hurudi na wavu mwepesi. Sheria ya vitu haina upendeleo. Ni juu yetu kuijua, na kujua twataka nini mahali gani.

VII. Majaribio na Maswali

Jaribio la kwanza. Tia maji baridi nusu katika chombo kirefu cha kioo. Weka kipande chembamba cha ubao kielee juu yake. Chukua maji ya moto uliyoyatia wino kidogo, uyamimine taratibu juu ya ubao. Yatakaa juu, na mpaka utaonekana wazi. Pima digrii juu na chini kila dakika tano kwa muda wa nusu saa. Kisha koroga mara moja, upime tena.

Jaribio la pili, mwalimu awepo. Yeyusha nta katika kopo dogo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Usiiweke nta juu ya moto wenyewe, maana huwaka. Ikishika moto, ifunike kwa kifuniko, usiimwagie maji kamwe. Epua kopo, tia kipimajoto, uandike digrii kila dakika mpaka nta ishuke chini ya digrii 50. Chora mstari wa digrii na dakika. Ziko wapi dakika ambazo mstari karibu umelala?

Maswali:

1. Tangi la madebe 10 lina madebe 4 ya digrii 60 na madebe 6 ya digrii 20. Likikorogwa litakuwa na digrii ngapi?

2. Katika tangi lililokorogwa la hesabu yetu ya watu kumi, mtu wa saba atapata maji ya digrii ngapi?

3. Kwa nini mirija ya nta huwekwa juu ya tangi, wala si chini?

4. Ziwa Tanganyika liko juu ya bahari kwa mita 770 hivi. Je, maji huchemka kwa digrii nyingi zaidi Tabora au Ujiji? Eleza.

5. Wazazi wako wana pipa la bati jeusi juani. Taja mambo matatu, yasiyohitaji fedha nyingi, ambayo yangewafanya wapate maji ya moto alfajiri bila kuwasha kuni.